Kumalizia mlango wa kabati la ukutani uliopanuliwa kwenye nyumba ya kupanga

Niliitwa Sinza, Dar es Salaam, na dada mmoja aliyepanga ghorofa ya pili. Kabati la chumbani limejengwa ndani ya ukuta, na mlango wake ulikuwa mwembamba kiasi kwamba droo alizonunua hazikupita. Akatafuta fundi, fundi akang'oa fremu, akala tofali upande mmoja kama sentimita 8, akapokea hela yake na hakurudi. Kilichobaki ni tundu: upande mmoja plasta safi, upande wa pili tofali zilizo wazi na kingo zilizomeguka. Nilipopitisha kidole, mchanga ulimwagika sakafuni.

"Fundi, paka tu puti tumalize," aliniambia, yaani ule uji mzito wa kuzibia na kulainisha ukuta. Nikamwomba anisubiri nitazame juu kwanza.

Juu ya mlango kuna linta, boriti ya zege inayobeba ukuta ulio juu yake. Nyumba nyingine linta yake inazunguka jengo zima, nyingine ina kipande kifupi tu juu ya kila mlango, na kipande hicho kinatakiwa kilale juu ya tofali walau sentimita 15 kila upande. Ukikata sentimita 8 pembeni, unaila sehemu kilipolalia. Nilibandua plasta kidogo kwenye kona nikaona zege linaendelea mbele, linta ni ya kuzunguka. Hapo nikapumua. Ingekuwa fupi, ningemwambia arudishe tofali, droo zitafute pengine.

Kisha tukampigia simu mwenye nyumba. Naomba sana wapangaji msiruke hatua hii, hata kama ukuta umeshavunjwa. Tulimtumia picha, yule mzee akanyamaza kidogo, halafu akasema, "Fundi, mimi nataka siku akihama, mlango wangu uwe mlango." Sentensi hiyo ndiyo iliyonipangia kazi yote: kila ninachofunga hapa kiweze kufunguliwa bila kuvunja ukuta.

Upande uliokatwa nilianza kwa kuusugua kwa brashi ya waya na kuumwagia maji. Tofali kavu hunyonya maji ya plasta kabla saruji haijakamata, na plasta hiyo utakuja kuibandua kwa kucha. Nilichanganya saruji kipimo 1 kwa mchanga 4, nikafunga ubao ulionyooka kwa timazi (uzi wenye uzito wa kupimia wima) uwe mwongozo wa ukingo, nikapiga. Siku tatu dada alikuwa akiunyunyizia maji asubuhi na jioni. Mbao za fremu, paini iliyokauka na kupigwa dawa ya mchwa, nilizilaza chumbani humo humo kwa wiki mbili zizoee hewa yake. Dar es Salaam mbao huvimba kipindi cha masika na kusinyaa kiangazi, na ile inayotoka dukani moja kwa moja hadi ukutani hupinda ikiwa imeshafungwa.

Vipimo nilichukua baada ya plasta kukauka. Juu sentimita 91.4, katikati 92, chini 93.1. Upande wangu umesimama kwenye timazi. Ule wa zamani ndio umelala. Fremu hujengwa kwa kufuata kipimo kidogo kuliko vyote, ukitoa milimita 6 kila upande za kupitisha kabari. Ukiijenga kwa kufuata ukuta, unapata fremu iliyopinda kama ukuta. Unene nao una mtego wake. Tofali la inchi 5 pamoja na plasta pande mbili lilinipa sentimita 15.3, wakati ubao wa inchi 6 ukishapigwa randa unabaki na 14.2. Niliulinganisha na uso wa ukuta wa chumbani. Upungufu ukaenda ndani ya kabati, nyuma ya nguo.

Fremu niliifunga kwa fisha, vile vishikio vya plastiki vinavyoingia ukutani, na skurubu, tatu kila mwimo (ubao wa wima wa pembeni), na kabari nyuma ya kila skurubu ili kuikaza kusiuvute ubao kuelekea ukutani. Linta sikuitoboa kabisa. Kwa hiyo alama zote nilizoacha kwenye tofali ni matundu sita.

Sasa turudi kwenye puti. Ule mwanya kati ya fremu na ukuta, uliokuwa milimita 6 juu na 23 chini upande wa zamani, ndipo kazi nyingi zinapoharibika. Ukiujaza puti na kupaka rangi, siku ya kwanza unapendeza. Lakini mbao inatembea na ukuta hautembei, kwa hiyo ufa lazima utokee, na utafuata mwimo kutoka juu hadi chini. Mwanya huo hufunikwa. Kazi hiyo ni ya akitrevu, ule ubao mwembamba unaozungushwa nje ya fremu. Nilitumia wa sentimita 6, nikaurudisha nyuma milimita 5 kutoka ukingo wa fremu. Ngazi hiyo ndogo hulidanganya jicho lisione kwamba ukuta umelala. Misumari niliipiga kwenye fremu tu, ukutani hata mmoja. Kona za juu sikuzikata nyuzi 45, kwa sababu kwenye ukuta usio sawa zinaachana mapema. Wa juu niliulaza moja kwa moja juu ya ile miwili.

Mstari mwembamba uliobaki kati ya akitrevu na ukuta niliuziba kwa akriliki, ile dawa laini ya kuzibia inayopakika rangi. Silikoni usiweke hapo, haikubali rangi. Kisha msasa, praima (rangi ya msingi) na rangi ya mafuta mikono miwili. Plasta mpya niliiacha wiki nne kabla ya kuipaka.

Fremu ya zamani haikutupwa. Niling'oa misumari, nikaandika kwa penseli "kushoto", "kulia" na "juu", nikaifunga kwa kamba. Imesimama ndani ya kabati, nyuma ya droo, inamsubiri mzee.