Mashine za kuchezea dukani Georgia: sheria imebadilika wapi, na wapi haijaguswa

Kazi yangu ni makaratasi ya leseni na kodi kwa wenye maduka madogo hapa Georgia, Marekani, na ndugu zetu wanaochukua duka au kituo cha mafuta, hasa Wakongo wa Clarkston, karibu wote wananiuliza kuhusu zile mashine za kuchezea zilizopangwa ukutani: ni kamari au sio kamari? Jibu ni kwamba inategemea kinachopita juu ya kaunta.

Sheria inazigawa mbili. Daraja A ni burudani tupu, meza ya pool, jukeboksi (mashine ya kupigia muziki kwa sarafu), vitu kama hivyo. Daraja B ndio zenye maneno, manake mchezaji anakusanya pointi kisha anazibadilisha kwa zawadi. Ukiiangalia skrini picha zinazunguka kama za kasino, ila zikisimama mchezaji mwenyewe lazima aguse, achague alama ipi igeuke ili mstari ukamilike, na ni hicho kitendo kidogo cha ujuzi kinachoitoa kwenye kundi la kamari. Wengi wanaona ni danganya toto, lakini duka lako linasimama juu ya hicho kitu kwa hiyo kiheshimu.

Huku kusini hizi sheria hazijawahi kutulia. Jirani zetu South Carolina walizima mashine za video poka, yaani kamari ya karata kwenye skrini, Julai 2000, zikaanza kuvuka mpaka kuja kwetu, gavana Roy Barnes akawaita wabunge kikao maalum 2001 nazo zikapigwa marufuku hapa pia. Zikabaki hizi za ujuzi. Halafu 2013 usimamizi ukatolewa idara ya mapato ukapelekwa shirika la bahati nasibu la jimbo, Georgia Lottery, na kila mashine ya daraja B ikatakiwa kuunganishwa na kompyuta yao kuu. Jimbo lilianza kuchukua asilimia 5 ya kinachobaki baada ya zawadi, ikapanda moja moja kila mwaka mpaka 10, na sheria ya 2024 ikaifikisha 13. Hela hizo zinaenda kusomesha watoto, skolashipu za HOPE na chekechea.

Hiyo sheria ya 2024 pia iliruhusu zawadi itolewe kwa gifti kadi, yaani kadi ya kununulia vitu, sio kesh, na hapa naomba msome polepole.

Kompyuta kuu inaona dola zinazoingia na inaona tiketi ya ushindi inayotoka, haioni mkono wa anayeuza. Saa nne usiku mteja anakuja na tiketi ya dola 60, hataki soda wala pampasi za dola 60, anamwambia kijana wa kaunta "nipe kesh tu kaka, mbona tunajuana", kijana yuko peke yake, anafungua droo, anampa noti tatu za ishirini. Basi, kosa la jinai limeshafanyika, na leseni iliyo hatarini ni ya mwenye duka ambaye muda huo amelala nyumbani! Zawadi halali ni bidhaa za dukani, mafuta ya gari, tiketi za bahati nasibu na sasa gifti kadi. Pombe, sigara na silaha hapana. Kesh haijawahi kuruhusiwa, sio kabla ya 2013, sio baada ya 2024, na inaniuma kuona mtu aliyehangaika miaka kupata duka linamponyoka kwa sababu hakuna aliyemkalisha chini yule kijana akamweleza.

Mengine kwa haraka: mashine za daraja B zisizidi 9 dukani, na mapato yake yasizidi nusu ya mauzo yote ya mwezi, kwa hiyo duka la rafu tupu lenye mashine zimejaa linajiita lenyewe kwa wakaguzi.

La mwisho ni mkataba. Mwenye duka na mwenye mashine ni watu wawili wenye leseni mbili tofauti, na jimbo likishachukua chake kinachobaki wanagawana nusu kwa nusu, ndivyo sheria inavyosema. Akija mtu na gari zuri akakuahidi zaidi ya nusu, au akakuwekea bahasha mezani ili mashine zake ziingie kwako, huyo anakuvunjisha sheria na wewe. Usisaini, na kama umeshasaini nitafute tuusome huo mkataba pamoja kabla mkaguzi hajausoma.