"Lacrima movie" njo film ya namna gani?

Hapa Goma tunasemaka tu "film ya kuliza" na kila mutu anaelewa. Lakini Baitalia beko na jina yake: lacrima movie. Lacrima kwa kiitalia ni chozi. Bananena zaidi film zenye zilitoka kule miaka ya 1970, kisha L'ultima neve di primavera ya 1973 kupendwa sana: mutoto moya mwanaume, mamake alishakufaka, babake ni avoka, anamupenda lakini kazi na mwanamuke mupya binakula saa yote, banaenda kutembea kwenye teluji, na pale tu banaanza kuzoeana vizuri, munganga anakuta mutoto iko na kanseri ya damu. Renato Cestiè, ule mutoto mwenye alicheza ndani, akarudia kucheza mu zingine za kuliza.

Sasa, si kila film yenye mutu anakufa ndani inaitwa vile. Film ya vita batu banaanguka mingi na hakuna mwenye analia. Hapa lazima akuwe mutoto, hana kosa, na hakuna mubaya wa kuchukia, hakuna mulozi, hakuna mama wa kambo, ni ugonjwa tu. Na mara mingi ni kanseri ya damu, juu mutoto anabakia muzuri usoni, anacheka, anakimbia, unasahau kama anagonjwa, alafu anakaa chini kidogo kupumzika na roho yako inashituka. Mizike nayo inafika mbele ya habari, machozi inakuya munganga hata hajafungua kinywa.

Mie naona chenye kinaliza zaidi ni kuchelewa. Baba anasema kesho, kesho, siku anapata nafasi, siku zenyewe zimebakia za kuhesabu. Mama yangu mudogo wa Katindo, tulikuwa tunaangaliaka hizo film kwake, alikuwa analia mapema kabisa, mutoto angali muzima, anasimama tu ku mulango na motokari ya baba inatoka. Sisi tulikuwa tunamushangaa. Leo niko na wangu wawili, na ni pale pale nami nalia.

Kitu moya tu imebadilika: mu hizo film kanseri ya damu ni kama hukumu, na ile miaka ilikuwa karibu vile kweli. Leo, ile aina yenye inashikaka zaidi batoto, kwenye inchi zenye dawa zote ziko, batoto zaidi ya 8 kwa 10 banapona.