Maji ya kunywa na redieta ni mambo mawili

Tangu naanza kuendesha nasikia eti maji ya chupa ndo bora kwa redieta kwa vile ni safi. Ukikwama njiani kwenda Masaka sawa, mimina ufike. Ila safi kwa tumbo sio safi kwa injini jamani, maji mengi ya chupa yana kalsiamu na magnesiamu, na yakipata moto yale madini yanaganda. Chungulia ndani ya birika lako la chai, ule ukoko mweupe, sasa ufikirie kwenye vijia vyembamba vya redieta. Ya kisima mara nyingi ndo mabaya zaidi.

Chukua maji ya distili, yale ya kuongeza kwenye betri (sio asidi, soma chupa!), changanya na kulanti (ile dawa ya maji ya kupoza injini) nusu kwa nusu.

Na wanaosema kulanti ni ya nchi za theluji, hapana, inazuia kutu na inachelewesha kuchemka. Kampala tuko kama mita 1,200 juu, maji matupu yanachemka karibu nyuzi 96, Kabale kwenye milima zaidi yanachemka hata chini ya nyuzi hizo, na mfuniko wa redieta ukichoka hauzuii presha inayochelewesha kuchemka, utaona mvuke tu.