Nafasi ya umma katika miji ya Warumi: maana yake na jinsi inavyochunguzwa

Nje ya malango ya Pompeii, mji wa Kirumi nchini Italia uliofukiwa na mlima wa volkano Vesuvius mwaka 79 BK, yalipatikana mawe yaliyochongwa maandishi ya Kilatini. Yanasema kwamba kwa mamlaka ya Kaisari Vespasian, afisa wa jeshi aitwaye Titus Suedius Clemens alisikiliza mashauri, akapima ardhi, kisha akawarudishia watu wa Pompeii maeneo ya umma yaliyokuwa yamekaliwa na watu binafsi. Maeneo hayo, kwa Kilatini, ni loca publica. Kumbe karibu miaka 2,000 iliyopita watu walikuwa wakijimegea ardhi ya wote, na serikali ikalazimika kuleta mtu wa kuweka mipaka upya.

Napenda kuanzia hapo kwa sababu mawe hayo yanatupa nusu ya maana ya nafasi ya umma: ni mahali ambapo si pa mtu mmoja, bali pa wenyeji wote kama mji, na sheria inapalinda. Barabara, viwanja, mabirika ya maji na kuta za mji vyote vimo. Nusu ya pili haichongwi kwenye jiwe la mpaka, nayo ni matumizi. Mahali huwa pa umma kwa kuwa watu wanapapita, wanapakaa, wanauzia, wanasubiriana, wanagombana. Anayechunguza miji ya Warumi hutafuta nusu zote mbili, na ya pili ndiyo ngumu, maana waliokaa pale wameondoka zamani.

Eneo linalotajwa kwanza siku zote ni foramu, uwanja mkuu wa mji. Wasomaji wa Biblia ya Kiswahili wamekutana nalo bila kujua: Soko la Apio katika Matendo ya Mitume kwa Kilatini ni Forum Appii. Tafsiri hiyo si kosa, ila soko ni kipande tu cha habari. Foramu ya Pompeii ni uwanja mrefu uliozungushiwa nguzo. Kaskazini kuna hekalu la Jupiter, mungu mkuu wa Warumi. Kusini-magharibi kuna basilika, ambayo wakati huo haikuwa kanisa bali ukumbi wa mahakama na wa biashara. Mashariki kuna soko la vyakula, na pia jengo kubwa lililotolewa na Eumachia, kuhani wa kike. Mikokoteni haikuingia, kwani mawe na ngazi vilizuia magurudumu. Uwanja ulikuwa wa miguu.

Pembeni mwa uwanja huo kuna meza ya mawe yenye mashimo ya duara ya ukubwa mbalimbali. Hivyo ndivyo vilikuwa vipimo halali vya mji. Mtu aliyehisi amepunjwa kibaba chake cha nafaka alikuwa na mahali pa kuhakikisha, mbele ya macho ya watu. Hapo mwanzo vipimo viliandikwa majina ya Kioski, lugha ya wenyeji kabla ya Warumi kutawala. Baadaye mashimo yakachongwa upya yalingane na vipimo vya Kirumi. Jiwe moja limeandika habari ya utawala kubadilika, na limeiandika mahali ambapo kila mnunuzi angeiona.

Msanifu Vitruvius, aliyeandika katika karne ya 1 KK, alishauri ukubwa wa foramu ulingane na idadi ya watu, isiwe finyu kwa shughuli wala isionekane imehamwa kwa kukosa watu. Ushauri huo unaonyesha kwamba hata kwa fundi wa majengo uwanja haukukamilika bila umati.

Umati wenyewe tunaweza kuuona. Katika nyumba ya Julia Felix, hukohuko Pompeii, zilipatikana picha za ukutani za siku moja kwenye foramu, ambazo sasa zimehifadhiwa Napoli. Wauza nguo wananadi vitambaa, muuza viatu yuko na wateja wake, vyombo vimepangwa chini. Watu wamesimama wakisoma tangazo refu lililotundikwa mbele ya sanamu za wapanda farasi. Mtoto wa shule anachapwa huku mwenzake amembeba mgongoni. Mwanamke anampa sadaka ombaomba mwenye mbwa. Yote hayo ni chini ya nguzo zilezile ambazo vitabu vingi huzichora zikiwa tupu.

Kwa muda mrefu wachunguzi walipima mahekalu na kuishia hapo. Siku hizi wanatazama barabara, na kwa maoni yangu huko ndiko elimu hii ilikopata uhai. Pompeii ina mabirika ya maji ya mitaani yapatayo 40. Tazama ukingo wa mojawapo, karibu na mdomo wa kutolea maji: jiwe limebonyea pale watu walipoegemeza mkono kila walipoinama kunywa. Hakuna aliyekusudia kuacha alama hiyo. Mbele ya nyumba na maduka kuna viti vya mawe zaidi ya 100 vilivyojengwa kuegemea ukuta wa barabarani. Mtu wa Lamu au Unguja hahitaji kufafanuliwa, hiyo ni baraza. Kiti ni cha mwenye nyumba, wanaokikalia ni wapita njia, na swali la wapi nyumba inaishia na mji unaanzia linabaki wazi.

Mwanaakiolojia Eric Poehler alichunguza mikwaruzo ya magurudumu kwenye kingo za barabara na mawe ya kuvukia. Kwa kuangalia upande uliolika, alionyesha mikokoteni ilikuwa ikielekea wapi, na kwamba mitaa kadhaa ilikuwa ya kwenda upande mmoja tu. Mwanahistoria Ray Laurence naye alihesabu milango, kwani mtaa wenye milango mingi hukutanisha watu wengi kuliko wenye kuta ndefu. Kuta nazo zina maneno. Matangazo ya uchaguzi yaliyopakwa rangi yanazidi 2,500, na kwenye basilika mtu alikwaruza kwamba anaustaajabia ukuta ule kutoanguka kwa kubeba upuuzi wa waandishi wengi kiasi hicho.

Tusidhani kwamba pa umma ni pa usawa. Mtumwa na bwana wake walikanyaga barabara ileile, lakini Kaisari Augustus aliamuru watu waketi kwa daraja kwenye maonyesho, na wanawake wakapelekwa safu za juu nyuma kabisa. Mpangilio wa viti ulikuwa somo la kila mtu kujua nafasi yake.

Wala si Italia peke yake. Timgad, Algeria, mji ulioanzishwa na Kaisari Trajan mwaka 100 BK, una foramu yake, na kwenye sakafu ya mawe kumechongwa maneno haya: “Kuwinda, kuoga, kucheza, kucheka: huko ndiko kuishi.” Kwa Kilatini yamepangwa mistari mitatu, kila mstari herufi 12, sita kushoto na sita kulia. Ni ubao wa mchezo. Aliyeuchonga aliandika OCC badala ya HOC, na kila herufi ilikuwa kituo cha kete.