Kabla ya umeme, kioo

Ukiuliza skrini ya kikokotoo inafanyaje kazi, utaelezwa habari za umeme. Mimi huanzia kwenye kioo. Umeme huja baadaye kuvuruga mpangilio ambao kioo kimeshauweka.

Kati ya vioo viwili vya skrini mna fuwele kimiminika, unene wa maikromita chache tu. Molekuli zake ni ndefu na nyembamba, na katika hali ya nematiki huelekea upande mmoja huku zikiteleza kama kimiminika chochote. Fuwele kimiminika ninayoitumia zaidi maabara ni ile iitwayo 5CB, iliyobuniwa Hull, Uingereza, na George Gray na wenzake mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huwa nematiki kati ya nyuzi joto 24 na 35 hivi. (Kwa hali ya hewa ya Dar es Salaam haihitaji kupashwa, ila ukiisahau juani mpangilio wote unapotea.) Molekuli hizi zinataka kuelekea pamoja, lakini wapi, hazina habari. Lazima kitu cha nje kiamue.

Chukua kioo, kipake tabaka jembamba la poliimidi (aina ya plastiki), kioke, kisha kipanguse kwa mahameli kuelekea upande mmoja tu. Andaa na cha pili vivyo hivyo, tia tone la 5CB katikati, tazama kwa hadubini yenye polaraiza mbili zilizopishana, yaani vichujio vinavyopitisha mwanga unaotetema upande mmoja tu. Vioo visivyopanguswa huonyesha michirizi myeusi iliyosokotana, kila eneo na mwelekeo wake. Vilivyopanguswa huwa na rangi moja. Zungusha meza ya hadubini: eneo zima linakuwa jeusi, na baada ya digrii 45 lote linang'aa.

Kinachonivutia ni umbali. Molekuli ina urefu wa nanomita 2 hivi, na kioo kinagusa zile za mwanzo tu, lakini amri inazifikia maelfu zilizo nyuma. Ni kama safu za swala msikitini: ya kwanza ikinyooka, zinazofuata hujipanga kwayo. Kwenda kombo na jirani kunagharimu nishati.

Mahameli yanafanya nini hasa? Mwaka 1972 mwanafizikia Berreman alionyesha kwa hesabu kwamba vifereji vidogo juu ya uso vinatosha, maana kulala kukingama navyo kunaulazimisha mpangilio wa molekuli kupindapinda. Hesabu ni safi. Lakini kupangusa pia kunainyoosha minyororo ya polima, yaani molekuli ndefu za plastiki yenyewe, na kwa poliimidi naegemea huko, kwa sababu mwanga wa urujuanimno uliopolaraizwa unaupanga uso bila kuchimba mfereji wowote.

Kemia nayo ina neno. Paka lesithini (mafuta kama yaliyomo kwenye kiini cha yai) badala ya poliimidi, na molekuli zitasimama wima. Hadubini inaonyesha weusi mtupu. Kiguse kioo kwa ncha ya kalamu, mwanga unamulika pale pale, kisha unazimika.

Viwandani mahameli ni kero. Yanaacha vumbi na umeme tuli, na punje moja inatosha kuharibu pikseli. Ndiyo maana baadhi ya watengenezaji wa skrini wamehamia kwenye mwanga wa urujuanimno.