Kwa nini muziki wa sayari saba ulitungwa katika shule ya wasichana?

Gustav Holst, Mwingereza aliyezaliwa mwaka 1874, anajulikana zaidi kwa kazi moja ya okestra, The Planets. Ina sehemu saba: Mirihi, Zuhura, Utaridi, Mshtarii, Zohali, Uranus na Neptuni. Dunia haimo, kwa sababu Holst alivutwa na unajimu, yaani kubashiri tabia na bahati za watu kwa nyota, si falaki, elimu ya anga. Muziki wenyewe ni mkubwa hata ukausikia leo utadhani mtunzi alikuwa na jumba lake na watumishi. Kumbe alikuwa mwalimu wa muziki katika shule ya wasichana ya St Paul's, Hammersmith, London. Alianza kazi hapo mwaka 1905 na hakuiacha mpaka alipofariki mwaka 1934.

Sababu ya kwanza ni riziki. Tungo hazikumlisha. Aliwahi kuishi kwa kupiga tromboni kwenye okestra, kisha akageukia ualimu, na ualimu ukala siku zake zote za kazi. Zilizobaki za kutunga ni Jumamosi, Jumapili na likizo. Mwaka 1913 shule ikafungua jengo jipya la muziki, ndani yake mkiwa na chumba kisichopitisha sauti, akapewa yeye. Mwaka uliofuata akaanza kuandika Mirihi.

Chumba peke yake, hata hivyo, kisingetosha. Holst alikuwa na maradhi ya neva yaliyoutesa mkono wake wa kulia, na kalamu ilimuumiza. Sasa fikiria ukurasa wa okestra kubwa namna ile: filimbi, tarumbeta, ngoma, vinubi na violini, kila ala na mstari wake, wote ukiandikwa kwa mkono, noti kwa noti, kurasa kwa kurasa. Waliombeba ni walimu wenzake wa muziki pale shuleni, Vally Lasker na Nora Day. Walimsaidia kuandika noti hizo na kumpigia kazi hiyo kwenye piano mbili, aisikie kabla okestra yoyote haijaigusa. Majina yao ni nadra kutajwa, nami naona ni dhuluma.

Na wasichana je? Enzi zile muziki kwa msichana ulihesabiwa kama pambo: ajue kupiga piano kidogo wageni wakija. Holst hakukubali. Aliwaimbisha tungo za mabingwa wa kale, Bach na Palestrina, na okestra yao akaitungia kazi kamili, St Paul's Suite. Mimi huipenda hasa sehemu ya mwisho. Violini zinakimbia na wimbo wa zamani wa kuchezea, Dargason, unaojizungusha bila kituo. Mara selo, ndugu wakubwa wa violini wenye sauti nzito, zinaingia taratibu na wimbo mwingine kabisa, Greensleeves, na nyimbo hizo mbili zinakwenda sambamba, huu mbio na huu mwendo wa pole, bila kukanyagana. Mwanafunzi anayepiga moja lazima aisikilize nyingine, la sivyo atapotea. Tena Holst aliongeza sehemu za ala za kupuliza, ili wapiga filimbi wa shule nao wasikae bure.

Mtu aliyeshinda kutwa na sauti za wasichana aliwajua vizuri, na hilo linasikika katika Neptuni, sayari ya mwisho. Okestra inapiga polepole. Kisha kwa mbali zinaingia sauti za kike, kwaya mbili, kila moja na sauti tatu, zisizotamka neno hata moja. Waimbaji hawaonekani. Holst ameagiza kwenye noti zake wakae katika chumba cha pembeni, mlango ukiwa wazi, na wafikapo kwenye kipande cha mwisho kabisa, chenye mapigo machache tu, mlango ufungwe polepole, kimyakimya. Kipande hicho kirudiwe mpaka sauti ipotee.

Kwa nini mlango? Kwa nini asiwaambie tu wapunguze sauti? Jaribu mwenyewe kuimba noti ya juu huku ukiipunguza mpaka kuwa mnong'ono. Pumzi hulegea, koo hukaza, na noti huanza kuteleza kushuka. Nyuma ya mlango mwimbaji anaweza kuendelea na pumzi yenye nguvu na noti iliyonyooka, huku mbao zikifanya kazi ya kupunguza. Mlango pia huzuia zaidi ile mitetemo ya juu inayoipa sauti ung'avu wake, kwa hiyo kwaya haipungui tu, inafifia kama kitu kinachokwenda mbali. Kwa kuwa waimbaji hawaonekani, hakuna mdomo unaofungwa wa kumwambia msikilizaji kwamba mambo yamekwisha.

Kazi hii ilisikika kwa mara ya kwanza tarehe 29 Septemba 1918, Queen's Hall, London, mbele ya watu walioalikwa, Adrian Boult akiongoza. Wanafunzi wa Holst kutoka St Paul's walikuwemo katika kwaya hiyo iliyofichwa. Na kila agizo lile linapofuatwa, nyuma ya jukwaa husimama mtu asiyeimba wala kupiga ala, mkono kwenye kitasa, akiusukuma mlango bila bawaba kutoa hata mlio mmoja.