Masikio Marefu Hayamfanyi Elfi Kuwa Mkiwa

Ninahariri riwaya za fantasia za vijana, na hakuna kisa kinachonifikia mara nyingi kama cha elfi, yule kiumbe wa hadithi za Ulaya anayefanana na binadamu, aliyetengwa akiishi kati ya watu. Miswada karibu yote hufunguka vilevile: msichana mwenye masikio yaliyochongoka anapita njiani, watoto wanamtupia mawe, naye anajivutia kofia ya joho hadi machoni. Nikifika ukurasa wa tatu huwa nauliza jambo moja tu. Hawa wanaotupa mawe, wanaogopa nini hasa? Mwandishi asipokuwa na jibu, hadithi hulegea, hata lugha iwe tamu namna gani.

Kwanza neno lenyewe. Naandika elfi kwa sababu elfu ni hesabu. Jini na kibwengo siwatumii, maana kila mmoja ana visa vyake tayari kichwani mwa msomaji, na mgeni wetu angeingia akiwa amevaa nguo za mwenzake.

Hofu ninayoitafuta ipo, na ni ya kale. Katika Kiingereza cha zamani kuna maneno ya uganga ya kutibu kichomi cha ghafla, na miongoni mwa wanaoshukiwa kumchoma mgonjwa ni elfi kwa mishale yao. Uskoti, ncha za mishale ya mawe zilizoachwa ardhini na watu wa kale ziliitwa mishale ya elfi, na ng'ombe akiugua bila sababu inayoonekana, ilisemwa kapigwa nayo. Beowulf, shairi refu la Kiingereza hicho cha zamani, ambalo muswada wake uliosalia ni wa mnamo mwaka 1000, linawahesabu elfi katika uzao wa Kaini, pamoja na majitu na mazimwi.

Lakini watu hao hao waliwapa watoto wao jina la Alfred, ambalo maana yake ni shauri la elfi. Mfalme wa Wessex, ufalme wa kale wa Uingereza, aliyefariki mwaka 899 aliitwa hivyo. Mwanamke mzuri kupita kiasi alisifiwa kuwa ana uzuri wa elfi, na mshairi mmoja alimsifu hivyo Sara, mke wa Ibrahimu. Mlaaniwa na msifiwa, neno ni moja. Hapa ndipo ninapowaomba waandishi watulie. Kijiji kinachomchukia elfi tu hakina kina. Kijiji kinachomwogopa na kumtamani kwa pamoja kina riwaya nzima ndani yake: baba anayemtemea mate mchana ndiye anayekuja kumgongea mlango usiku wa manane, mwanawe akiwa na homa, na kesho yake mbele ya watu anageuza uso.

Ipo imani nyingine, nayo huniuma kila ninapoisoma. Katika sehemu nyingi za Ulaya ya kaskazini, mtoto aliyedhoofu, au aliyechelewa kusema, alidhaniwa si wa nyumba ile: elfi wamemwiba mtoto halisi na kuacha wao. Kwa imani hiyo wapo watoto walioteswa, ili elfi wamwonee huruma wao na kumrudisha aliyeibwa. Mimi siwezi kuwasoma isipokuwa kama watoto wagonjwa na walemavu. Mwandishi anayetaka kumfanya shujaa wake mtoto wa kubadilishwa aache mapambo ya uchawi, amtazame mama. Yupo mama anayemlisha mtoto, anamwimbia, anampenda, na bado kila jioni anatazama njia kumngoja yule mwingine. Mtoto akiligundua hilo, hakuna jiwe la njiani litakalomuumiza zaidi.

Kisha kuna umri, ambao wengi wanautaja na kuupita. Elfi huishi karne nyingi, wanaandika, basi. Hebu tupige hesabu. Tuseme mwili wake hukua mwaka mmoja kwa kila miaka minne ya binadamu. Anafika kijijini akionekana wa miaka kumi na miwili, anapata rafiki wa umri huohuo. Miaka minane baadaye rafiki ana ishirini na anaolewa; elfi anaonekana wa kumi na minne, na harusini anaketishwa na watoto. Rafiki akifika sitini, yeye anaonekana wa ishirini na minne. Mwandishi lazima aamue pia kama akili nayo imechelewa. Mimi huwashauri iende na kalenda: amekumbuka yote, ameelewa yote, na bado anaambiwa atoke nje wakubwa wanazungumza. Kijana msomaji hahitaji kufafanuliwa hisia hiyo. Anaijua kwa mwili wake mwenyewe, uliomtangulia au uliobaki nyuma.

Jambo ambalo silikubali, na nimewahi kurudisha miswada kwa ajili yake, ni ule mwisho ambapo elfi anaokoa kijiji kwa kipawa chake, na ndipo wanamkumbatia. Msomaji aliyetengwa darasani hana kipawa cha kuzima moto kwa neno. Akifunga kitabu hicho anabaki na bei ambayo hawezi kuilipa. Afadhali mtu mmoja ampende kabla ya moto, bila sababu kubwa, kwa kuwa wanacheka vitu vilevile.

Kama ningeandika mimi, ningeanzia kwenye mwimo wa mlango. Wasichana wawili wanapimana kimo kila mwaka, wanachora kwa kisu. Alama za mmoja zinapanda hadi zinapita bawaba ya juu. Za mwingine zimesongamana mahali pamoja, karibu kuwa mstari mmoja mnene. Miaka inapita, yule mrefu anazeeka, na siku moja anainuka kwa shida, kisu mkononi, anamwambia, "Simama wima, tuone."